Nani Ametununulia Tokeni?

Nilibonyeza swichi kwa mazoea tu, na taa ikawaka.

Griffin, mume wangu, akatua begi huku akicheka. Viatu vyake bado vilikuwa na mchanga wa Takawiri, kisiwa tulichokwenda kupumzika wiki nzima.

"Asante, mama. Kumbe ulinunua tokeni za stima."

"Mimi? Si ulisema utanunua wewe?"

"Sijanunua."

Tokeni zilituishia alfajiri ile ya kuondoka. Tulifunga nyumba ikiwa giza, tukasema tutanunua tukirudi Kisumu.

"Labda mwenye nyumba ametusaidia," akasema, lakini hakuwa akicheka tena.

Hata mtu akikununulia tokeni, haziingii zenyewe. Lazima asimame ndani ya nyumba yako, mbele ya kile kimashine cha ukutani kando ya friji, abonyeze nambari moja moja. Na funguo zote mbili zilikuwa kwenye mkoba wangu.

Nikakisogelea. Juu ya kitufe cha sifuri palikuwa na alama ya kidole, nyeupe, kama ya mtu aliyeacha kusonga ugali ghafla baada ya kujikuta gizani. Nikaigusa. Ulikuwa ugali kweli, na bado ulikuwa laini. Ukaninata kidoleni.

Griffin akanishika mkono.

"Toka nje," akaninong'oneza. "Polepole. Usiseme kitu."

Nikageuka. Chini ya mlango wa chumba chetu cha kulala palikuwa na mstari wa mwanga.

Ukazimika.