Chupa ya Chai

Tunu alikuwa ameshampa mzee wa kitanda cha jirani chupa yao ya chai, maana katika wodi ile anayeruhusiwa haondoki na chombo, humwachia anayebaki. Mumewe, Shebe, alikuwa akifunga vifungo vya shati huku akicheka. Homa ilikuwa imeshuka.

Daktari akaingia na majibu ya damu, akamtazama Shebe kama mtu aliyenusa moshi.

"Mama, leo haondoki."

"Si ulisema virusi vinaisha?"

"Vinaisha. Lakini kinga yake inapanda badala ya kutulia. Damu inaonyesha itavuka mpaka, ianze kuushambulia mwili wake mwenyewe. Nataka tuiwahi kwa dawa."

"Mbona mimi mzima?" Shebe akang'aka. "Tunu, nipe kiatu changu."

Tunu alikishika kiatu, akakiweka chini, akakishika tena. Alimtafuta mgonjwa katika uso wa mumewe, asimwone. Ndipo aliposikia chai ikimwagwa kwenye beseni. Mzee wa jirani aliifuta chupa kwa pembe ya shuka, akamnyooshea.

Tunu bado alikuwa na kiatu mkononi.