Chupa ya Mzee Maganga

"Jaza wewe," Mzee Maganga alisema, akaisukuma chupa mezani bila kuiona. "Mkojo wangu hauendi kwa watu nisiowajua. Watauchukua waniloge."

Febronia aliipokea. Mzee alikuwa kipofu mwaka wa nne sasa, na mambo yake yote yalipita mikononi mwa mama huyu: chakula, nguo, hata kopo la kukojolea usiku, ambalo Febronia alilimwaga mwenyewe kila alfajiri nyuma ya migomba.

Nje, madaktari wa utafiti wa kichocho kutoka Shinyanga walikuwa wamewapanga wanaume wa Nyarugusu juani. Kila mmoja alirukishwa pale pale mpaka atwete, ndipo akapewa chupa. Walisema kuruka kunatikisa kibofu, ugonjwa uliolala unatoka.

"Nirukeruke kama mbuzi, mimi?" Mzee alicheka, kisha akajishika chini ya kitovu. "Na wakiona damu wanakupasua. Jirani yetu Maige wamempakia kwenye Landrova. Unadhani atarudi?"

"Mungu anajua, Baba."

"Wewe, mayu, mama yangu, una moyo. Mwingine angekwisha kunitilia sumu."

Febronia aliinuka na chupa. Mumewe, Gelasius, alikuwa bado chini ya shimo la dhahabu la mzee huyu. Mzee ndiye aliyeamuru magogo yaliyozuia kuta yang'olewe yakafungwe kwenye shimo jipya, watu wakiwa ndani. Udongo uliposhuka, akakataza wasifukue. Wangepoteza siku bure, alisema. Kisha akamchukua mjane ampikie, na kanisani watu wakawasifu wote wawili. Hakuna aliyegundua kwamba sala ikifika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, midomo ya Febronia hufumba, ikafunguka kwa maneno yanayofuata.

Jikoni, kuku alikuwa ameshachinjwa. Damu ilikuwa kwenye bakuli, bado ya moto. Febronia aliweka chupa kando yake, akavitazama. Tone tu lingetosha Mzee apakiwe naye.

Akavichukua vyote viwili, akaenda chooni, akarudi na bakuli tupu na chupa iliyojaa.

Daktari aliipokea chupa akiwa ameinamia hadubini yake.

"Mzee wako anaogopa kisu, eti?"

"Anaogopa sana, Daktari."

"Wote wanaogopa. Damu ikionekana mapema, mama, mtu anatibiwa anapona. Wanaojificha ndio tunaowazika."

"Nimesikia, Daktari."

Alingoja amesimama, rozari mfukoni. Barazani, Mzee aliita. "Mayu! Wanasemaje?"

Daktari alikwenda mwenyewe. "Shikamoo, mzee. Mkojo wako safi kabisa. Kaa nyumbani, hatukuchukui."

Mzee Maganga alicheka mpaka akakohoa. Akapapasa, akaushika mkono wa Febronia. "Umeniokoa."

"Nimefanya ulivyoniagiza, Baba."

Jumamosi alikwenda kuungama. Alimweleza padri kwamba alimkaripia jirani na kwamba alisinzia kwenye sala. Hakuwa na jingine.

Jumapili alfajiri Landrova ya madaktari iliwashwa moto, ikaondoka na wagonjwa wake. Mzee aliisikia ikipotea njiani, akajinyoosha kitandani.

"Waende zao. Ila hapa chini pananiuma, mayu. Mkojo wangu ukiutazama ukoje?"

"Naenda kuumwaga, Baba."

Alitoka na kopo mpaka nyuma ya migomba. Kulikuwa kumepambazuka vizuri. Mkojo wa Mzee ulikuwa mwekundu, kama ulivyokuwa kila asubuhi tangu Kwaresima.