Mnadi Asiyekuwa na Sauti

"Sema tena!" alifoka Msabaha, au tuseme alijaribu kufoka, maana iliyotoka ilikuwa sauti ya paka aliyebanwa na mlango.

"Nasema tena na tena! Umekwisha, Msabaha. Soko zima linajua, umebaki wewe tu kuambiwa."

Msabaha akamtumbulia macho mkewe. Miaka kumi na moja ya ndoa, Mwanajuma hajapata kumtaja jina. Siku zote ni Baba Rehani, tena kwa sauti ya chini. Leo kasimama miguuni pa kitanda cha hospitali, khanga kaikaza kiunoni kama mtu anayetaka kupigana.

Ilikuwa siku ya tano tangu apasuliwe. Ini lilijaa usaha, daktari akamchana chini ya mbavu akautoa. Kidonda chenyewe hakikuwa na neno. Shida, Msabaha hakutaka kujitikisa. Kila akivuta pumzi aliona nyuzi zinataka kukatika, basi akawa anavuta kidogo kidogo, kama anaiba. Nesi Ashatu alimwomba, akamgombeza, akambembeleza: kaa, kohoa, vuta pumzi mpaka chini, inuka utembee, mapafu yasije yakalala. Msabaha akageukia ukutani. Mama yake na wote waliokuja kumtazama walimwambia mgonjwa hutulia, akajifunika.

Mzee Mwinyimvua, kitanda cha pili, naye alitulia hivyo hivyo. Juzi wamemtoa kafunikwa uso, na kidonda chake kilikuwa kimefunga kabisa.

Na tangu jana Msabaha ana homa, kifuani kuna kitu kinakwaruza.

"Nipe maji," alisema.

"Yafuate." Mwanajuma akalichukua birika akaliweka dirishani, kule mbali. "Mimi si yaya wako. Hija ndiye anayenadi samaki sasa. Akipaza sauti, wanamsikia mpaka bomani!"

"Hija?" Msabaha akajiinua kwa kiwiko. Maumivu yakamchoma, jasho likamtoka. "Hija nimemfundisha mimi! Hajui hata nguru na jodari!"

"Sikusikii. Unanong'ona nini?"

"Nasema..." Kikohozi kikamkamata. Akaukumbatia mto tumboni, akakohoa mpaka machozi, makohozi mazito yakamtoka. Mwanajuma hakumshika hata mgongo. Alisimama tu, pindo la khanga kaliuma kwa meno. Msabaha akadhani ni hasira.

"Nadi basi tukusikie. Huwezi. Hija jana kaja nyumbani, kala kwenye sahani yako."

Hapo Msabaha hakujua miguu ilishukaje sakafuni. Akajaza kifua mpaka mbavu zikalia.

"Nguru! Nguru mzima huyu, nani anamtaka?"

Vioo vya dirisha vikatetemeka. Akavuta nyingine, ndefu kuliko ile.

"Kolekole! Kolekole wa leo huyu! Umesikia, mwanamke?"

"Nimesikia mtoto analia."

"Namfuata shehe! Sasa hivi! Leo hii unarudi kwenu Miono!"

"Na miguu hiyo? Hata mlangoni hufiki."

Msabaha akashika ukuta. Hatua moja, tumbo likawaka moto. Ya pili, chumba kikazunguka. Kazi imekwenda, mke amekwenda, kilichobaki ni kidonda, na kama kitapasuka na kipasuke, lakini hatakufa kwenye chumba kimoja na huyu. Akalipita birika la maji bila kulitazama. Kila hatua akihema kama aliyepanda mlima, na kila akihema alitukana. Mwanajuma akampa mgongo, uso kauficha kwenye khanga. Hata kumtazama hataki, akawaza Msabaha.

Akatoka, akaubamiza mlango nyuma yake.

Nje, Nesi Ashatu alikuwa anamngojea, kiti tayari. Akamshika mkono, akamkalisha taratibu, kisha akausogeza mdomo kwenye mlango uliofungwa, akanong'ona.

"Usilie, Mama Rehani, katembea. Inatosha kwa leo. Kesho uanze kwa kumtukania mama yake."