Jino la Kwanza la Gurudumu

Zdena alizima leza, mashine yake ya mwanga mkali, akamfungulia baba yake mlango ili alione gurudumu la meno.

Miaka mitatu mzee huyo alikataa kukanyaga karakana hii ya mjini Plzeň. Alisema binti yake ameitupa kazi ya ukoo, kukomaza vyuma viwe vigumu kwa tanuri na mafuta, akaenda kuchezea taa.

"Pipa la mafuta ya kupozea liko wapi?" aliuliza.

"Halipo, baba. Mwanga unaunguza ngozi ya chuma tu. Ndani kunabaki baridi, na ubaridi huo ndio unaoipoza ngozi papo hapo, ikawa ngumu."

"Usinifanye mtoto, wewe!"

Akachomoa tupa mfukoni ili aupime ugumu wa chuma. Zdena akamsogezea gurudumu.

Kwenye jino la kwanza, pale leza ilipopita, palikuwa na mstari wa rangi ya buluu iliyofifia, mwembamba kama utepe. Mzee aliweka tupa kando ya mstari, akasukuma. Ikang'ata, na unga wa chuma ukamwagika.

"Laini kama jibini," aliguna.

Akaihamishia juu ya mstari, akaikandamiza kwa uzito wake wote. Tupa ikalia, ikateleza. Akairudisha kwa nguvu zaidi. Ikateleza tena hadi kiwiko chake kikagonga meza.

Alipapasa mstari ule kwa kidole gumba. Hapakuwa na hata mkwaruzo.

"Mama yako angenicheka leo," alisema, kisha akaanza kucheka mwenyewe, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Akavua kofia yake. "Haya, lete hiyo miwani ya kinga. Jino la pili nalichoma mimi."