Kiatu cha Mkurugenzi

Mkurugenzi aliificha mikono mgongoni kama mtoto aliyekatazwa kushika moto. "Nisipoigusa hiyo amri ya mahakama, hujanipa," alisema.

Mama Samansi, kama wote walivyomwita yule mpeleka hati wa mahakama, alishazoea vituko vya wakubwa. Mahakama ilitaka faili za ukaguzi wa soko lililowaporomokea watu, na faili zilikuwa kwenye kabati, nyuma ya mgongo wa huyu bwana.

Basi aliinama taratibu, magoti yakilalamika, akaiweka ile amri juu ya kiatu cha mkurugenzi.

"Anayekataa huwekewa mbele ya shahidi," alisema akijinyoosha. "Haya, nani ameona?"

Ofisi nzima ilikuwa imeona. Ofisi nzima ikageukia kompyuta zake.

Kiatu kiling'aa, karatasi ikawa inataka kuteleza, na mkurugenzi akasimama kama mlingoti, asijue akitikise au ainame. Hata hivyo alicheka. "Shahidi huna, mama. Karatasi yako kafungie sabuni."

Katibu wake, aliyekuwa anamletea chai, akalitua sinia mezani. "Mimi nimeona."

"Binti, kitumbua chako kitaingia mchanga."

"Na kiingie." Alikuwa ameshaishika kalamu ya Mama Samansi. "Naandika jina langu lote, mama, na la marehemu baba siliachi. Alikuwa fundi viatu mle sokoni."

Akamgeukia mkurugenzi.

"Hiyo soli unayosimamia, bosi, aliishona yeye."