Landrova ya Marehemu Athuman

Gharibu aliinua pistoni ya mwisho kwenye mwanga wa mlango wa karakana yake, akaifuta kwa tambara na kuigeuzageuza. Ilikuwa imelika, kama zilivyolika zile nyingine. Lakini haikuwa imekwama. Hakuona ndani ya injini ile kitu ambacho kingeizima ghafla katikati ya mlima.

Lakini Venanti, dereva wa gari hilo, alisema ndivyo ilivyozimika. Aliwaambia polisi, akawaambia waombolezaji, akamwambia kila mtu sokoni Kasulu: walikuwa wakitoka Kibondo na mzigo wa maharage, wamevuka daraja la Malagarasi, wanapanda, injini ikajizimia yenyewe. Breki hazikushika. Landrova ikarudi kinyumenyume hadi korongoni. Yeye dereva akawahi kuruka. Tajiri wake Athuman, aliyekuwa amelala kiti cha pembeni, hakuwahi.

Athuman alikuwa mdogo wake Gharibu, tumbo moja.

Gharibu aliweka pistoni chini, akaenda kuchungulia mbele ya usukani. Injini za dizeli za zamani hazikuzimwa kwa ufunguo. Kulikuwa na kitasa cha kuvuta, nacho kikivutwa kilifunga mafuta kwenye pampu. Kitasa kilikuwa nje, kimevutwa hadi mwisho, na waya wake ulikuwa umepinda na kunasa hivyo gari lilipobondeka: kilivutwa kabla ya ajali. Alikitazama muda mrefu. Kisha akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akaenda kwa shemeji yake, mjane wa Athuman.

Nyumba zao zilishikana ukuta. Asia alikuwa bado yumo edani, kwa hiyo walizungumza yeye akiwa nyuma ya pazia la mlango.

"Shemeji," Gharibu alisema, "injini haikuzimika. Ilizimwa. Kitasa kimevutwa."

Asia aliuliza kama kuna mtu mwingine aliyeambiwa. Hakuna.

"Basi usimwambie yeyote. Ifufue hiyo injini, iwe na nguvu kuliko ilivyokuwa. Na Venanti mrudishe kazini. Yaliyobaki niachie mimi."

Gharibu alirudi karakana kifua kimemjaa. Alikuwa akimwona Asia mwanamke mnyonge, wa kulia usiku na kuamka amejifunika kanga hadi machoni. Kumbe alikuwa na moyo wa namna hii. Polisi wangemfunga Venanti, wangemlisha, na ipo siku wangemwachia. Wao wawili wasingemwachia.

Bloku aliipeleka Kigoma ikachongwe ipokee pistoni kubwa zaidi. Alipata krenki na pampu kutoka kwenye Landrova mpya iliyokufa bodi, akazifunga kwa mkono wake mwenyewe, ringi kwa ringi, nati kwa nati. Noza za kupulizia mafuta alizipima akazirudia mpaka moshi ukatoka mwepesi, na bodi akainyoosha. Wenzake walimsifu kwamba anamfanyia mjane wa nduguye kazi ya mapenzi. Hakuwabishia. Kila boliti aliyoikaza aliiona shingo ya Venanti.

Venanti mwenyewe alikuwa akija asubuhi, anasimama pembeni na kofia mkononi. "Mwakeye," anasalimu kwa Kiha, na Gharibu anamwitikia, anampa hata uji. Alikuwa kijana wa Muyama, mpole, asiyeinua sauti. Siku hizi alikuwa ameanza kuja msikitini siku za Ijumaa na kukaa safu ya nyuma. Watu walisema msiba umemgusa. Gharibu alisema moyoni kwamba damu imeanza kumdai, na kwamba Mungu atamsikiliza vizuri zaidi wakionana ana kwa ana.

Eda ilipokwisha, Asia alipeleka ujumbe: gari litoke Jumatatu, Venanti aendeshe, liende Kibondo. Ndipo Gharibu alipojilaza chini ya gari, akalegeza nati ya bomba la breki, kiasi cha kushika mjini na kuachia kwenye mteremko wa kushukia mto. Alipotoka uvunguni alikuwa akitabasamu.

Jumatatu injini iliwaka kwa mpigo mmoja. Ilinguruma nzito na sawasawa, na wapita njia wakasimama kusikiliza. Venanti alipanda kwenye usukani. Gharibu alikuwa akimfungia mlango alipomwona Asia akija na sanduku la bati kichwani, amevaa kanga mpya, uso wazi. Alilitupa sanduku nyuma, akazunguka, akapanda kiti cha pembeni.

Gharibu alizunguka mbio hadi upande wa pili, akashika mlango. Alimwambia ashuke, hii si safari yake.

Asia aliuweka mkono wake juu ya ule wa Gharibu, wenye grisi. Machozi yalikuwa yamemlenga.

"Sirudi tena, shemeji. Tumefunga ndoa jana, mimi na Venanti. Nimekuja kukushukuru. Miaka yote ile ulikuwa ukisikia kupitia ukutani ndugu yako akinipiga, na nilikuchukia kwa kutokuja. Lakini ulipokiona kitasa ukakubali kunyamaza, nikajua na wewe ulikuwa umemchoka. Maana mimi ndiye niliyemwambia Venanti akivute."

Injini iliendelea kunguruma. Venanti alikuwa akimtazama kwa adabu, akingoja ruhusa ya mkubwa.

Gharibu aliuondoa mkono wake mlangoni, akaufunga mlango vizuri, akaubana kuhakikisha umeshika.

"Injini iko sawa, shemeji," alisema. "Nendeni."