Mteja Bado Amelala

"Dada Yueh-chin, nyanyuka twende! Saa nne kasoro dakika tano!"

Pi-hsia alikuwa ameshashika fimbo yake nyeupe. Yueh-chin hakusogea. Kidole gumba chake kilikuwa kimezama kwenye bega la mteja, juu ya fundo gumu kama kokoto.

"Nina mteja."

"Mteja! Leo ofisini kwa mkuu wa stesheni wanaamua kama kona hii ni yetu au ya viti vya umeme. Asiyekuwepo saa nne, ombi lake linatupwa. Miaka kumi na tisa, dada!"

Kwa miaka hiyo yote vipofu hawa wawili walikuwa wakikanda shingo za wasafiri kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi, jijini Kaohsiung. Sasa kampuni moja ilitaka kona yao ili iweke viti vya kukandia, vya kubonyeza kitufe tu. "Kiti hakichoki, wala hakina kiburi," muuzaji wao alitamba kwenye kikao cha wiki iliyopita. Yueh-chin alitoka pale na hasira, sauti ile ikimbaki masikioni.

"Nenda wewe," alisema.

"Mimi? Mwenye mdomo ni wewe! Nitasema nini?"

"Taja jina lako, ukae. Inatosha."

"Kumbe ni maneno mengi tu, na leo umeogopa!" Pi-hsia akaondoka akigongagonga fimbo.

Neno hilo lilimchoma, lakini Yueh-chin alirudi kwenye fundo lake. Kabla Pi-hsia hajafika, yapata nusu saa nyuma, mteja huyu alikuwa amekuja shingo imekaza hata kugeuka hawezi.

"Shangazi, kichwa kinapasuka," alikuwa amelalamika. "Dakika kumi tu, kuna watu wananisubiri."

Mikono ya Yueh-chin ilisita kidogo, kisha ikaanza kazi.

"Maumivu yako kichwani," alimwambia, "lakini mwizi mwenyewe amejificha begani." Akamsaka mwizi, akambana, akamwachia polepole. Akahamia shingoni, akambana wa pili. Hakuwahi kumkanda mtu kwa ustadi kama ule. Dakika kumi hazijaisha, mteja alikuwa akikoroma, uso ndani ya tundu la kitanda.

Saa nne ikapita. Simu ikatetemeka ndani ya koti la mteja, ikanyamaza, ikaanza tena. Yueh-chin aliendelea kukanda.

Ndipo kipaza sauti cha stesheni kikaita: "Bwana Chuang wa kampuni ya viti vya kukandia, unasubiriwa ofisini kwa mkuu wa stesheni. Huu ni wito wa mwisho."

Yueh-chin alichukua taulo la moto, akamfunika mteja wake masikio taratibu, kisha akatafuta fundo lingine.